Meno ya mkataba yako forodhani

Nikishika mkataba wowote wa kuhifadhi bayoanuwai, yaani aina mbalimbali za viumbe hai, kwanza natafuta maneno ya kukwepea. Kwenye Mkataba wa Bayoanuwai, uliofunguliwa kutiwa saini Rio de Janeiro mwaka 1992, siendi mbali: ibara nyingi zinaitaka nchi itekeleze wajibu wake "kadiri iwezekanavyo na inavyofaa". Maneno hayo yaliwaleta wanachama 196 kwenye meza moja, na hayo hayo yanafanya iwe vigumu kumbana yeyote. (Marekani ilitia saini mwaka 1993, kuuridhia, bado.)

Mwaka 2010, chini ya mkataba huo, yakapitishwa malengo 20 yaliyopewa jina la Aichi, mkoa wa Japani. Ulipofika mwaka 2020, hakuna hata moja lililokuwa limetimizwa kikamilifu duniani, na hakuna aliyewajibishwa. Kila nchi ilijiandikia mpango, ikajipima yenyewe. Malengo mapya 23 ya mkataba huo, yaliyokubaliwa Montreal Desemba 2022, yana viashiria vya pamoja, na hiyo ni nafuu. Ila lile maarufu, la kuhifadhi asilimia 30 ya nchi kavu na ya bahari ifikapo 2030, linanitia wasiwasi: kupaka ramani rangi ya kijani ni rahisi kuliko kulipa askari wa doria.

Mkataba mwingine, CITES, wa mwaka 1973, ni mwembamba zaidi. Unahusu biashara ya kimataifa ya wanyama na mimea pori tu. Lakini bidhaa lazima ipite forodhani, na pale kuna kibali au hakuna. Nchi ikikaidi, wanachama hushauriwa wasitishe biashara nayo, na serikali iliyokuwa ikipuuza barua huanza kujibu. Hata hivyo, msitu ukifyekwa kupisha shamba, CITES haina la kusema. Tena nchi inaweza kuweka pingamizi juu ya spishi fulani, kama Japani na Norwei walivyofanya kwa baadhi ya nyangumi.

Kwangu mimi, kipimo halisi cha Montreal ni lengo la 18: kupunguza ruzuku zinazodhuru bayoanuwai kwa angalau dola bilioni 500 kwa mwaka ifikapo 2030. Huko hasa ndiko misitu na samaki wanakomalizikia. Tatizo ni kwamba anayeandika ripoti ya utekelezaji kwa kawaida ni wizara ya mazingira, na ruzuku zenyewe ziko kwenye bajeti za kilimo, uvuvi na nishati, ambako wizara hiyo haina sauti.