Mbegu Iliyooza Ardhini Si Lazima Iwe Feki

"Nimeuziwa mbegu feki." Maharage yakiota kwa mapengo baada ya mvua kubwa, mkulima hutamka hivyo kabla hajafukua hata shimo moja. Fukua kwanza! Ukikuta mbegu laini, ya kahawia, na udongo umeing'ang'ania hautaki kupukutika, mshukiwa wa kwanza ni Pythium, kimelea cha udongo kinachofanana na kuvu, mmoja wa wasababishi wa kinyausi, yaani ugonjwa unaoozesha mbegu na miche michanga. Mara nyingi mbegu hiyo ilikuwa hai siku ulipoipanda.

Mbegu kavu inaponyonya maji huvujisha sukari, asidi za amino na asidi za mafuta, na sehemu kubwa hutoka siku ya kwanza. Majimaji hayo hufika milimita chache tu kuizunguka mbegu, lakini yanatosha kuiamsha Pythium iliyolala, na ndani ya saa 24 inaweza kuwa imeshaingia. Majimaji hayohayo hulisha pia bakteria wa udongo wanaoweza kuiwahi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walionyesha kwamba kwenye mbegu ya tango, bakteria Enterobacter cloacae huila asidi ya linoleiki, mojawapo ya asidi hizo za mafuta na kichocheo chenyewe kinachoiamsha Pythium. Adui asipoamka, mche unatoka salama.

Kwa hiyo punguza uvujaji. Maharage yaliyokauka kupita kiasi yakapigwa fimbo kwenye sakafu ya saruji hupata nyufa usizoziona, na ganda lenye ufa huvuja sana. Tumbukiza mbegu 50 kwenye robo lita ya maji safi kwa saa 24, na nyingine 50 ambazo hazikupigwa, ulizozipukuchua kwa mkono, kwenye chombo cha pili. Maji ya kwanza yakiwa yamechafuka kuliko ya pili, umeona tatizo. Kisha otesha mbegu 100 kwenye kitambaa chenye unyevu kwa siku 8 hivi. Zikiota 85 kitambaani na nusu tu shambani, mwache muuzaji. Angalia udongo na upandaji wako. Kina ni sentimita 3 hadi 5. Usipande kwenye tope. Ukifukia magugu mabichi, subiri wiki 2 hadi 3, kwa sababu Pythium huzaliana juu ya mabaki hayo.

"Kuloweka usiku kucha huipa mbegu nguvu." Kwa maharage, acha kabisa. Maji huingia kwa kasi, hewa hukosekana, tishu hupasuka, na mbegu inafika shambani tayari inavuja.

"Majimaji yakiwa mengi, kinga ni kubwa." Kinyume chake. Kinga ya mbegu yenyewe iko zaidi kwenye ganda, hasa tanini (kemikali chungu) za maganda yenye rangi, ndiyo maana maharage meupe huoza upesi kuliko ya rangi.

"Bakteria wa kopo moja hufaa kila zao." Huyohuyo Enterobacter anayelinda tango hushindwa kwenye mahindi: mbegu ya mahindi hutoa sukari nyingi, naye akishiba sukari haigusi asidi ya linoleiki.

"Changanya rizobia na dawa ya ukungu, uokoe muda." Rizobia ni bakteria wanaoipatia mikunde nitrojeni, na dawa nyingi za ukungu huwaua. Mbegu ikiwa imeshapakwa dawa, weka rizobia chini ndani ya mfereji, funika kwa udongo kidogo, ndipo uweke mbegu juu.