Ukali wa aina mbili: unaomwongoza kijana na unaomnyima nafsi yake

Wazazi wengi wanaonijia na kijana wa miaka 14 au 16 huuliza swali lile lile: wakaze uzi au walegeze? Baba anakuwa ameshaamua kwamba mama ndiye anayemdekeza mtoto, mama naye ameshaamua kwamba baba ndiye anayemtisha, na kila mmoja anasubiri nimuunge mkono. Katika kazi hii ya ushauri nasaha nimezoea kulikataa kwanza swali lenyewe, kwa sababu linauchukulia ukali kuwa kitu kimoja. Ukali unaohusu saa ya kurudi nyumbani ni jambo moja. Ukali unaoingia moyoni mwa kijana na kumwamulia ahisi nini, apende nini na ajione vipi ni jambo jingine kabisa, na madhara yake hayafanani.

Vyuoni tulifundishwa mgawanyo wa Diana Baumrind wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, ambaye katika miaka ya 1960 alitofautisha malezi ya amri tupu, malezi ya kuendekeza, na malezi ya mzazi mwenye mamlaka anayeeleza sababu ya amri yake na kusikiliza hoja ya mtoto. Mwaka 1983 Eleanor Maccoby na John Martin waliongeza aina ya nne, ya mzazi asiyejishughulisha, na kuzipanga zote kwa vipimo viwili: mzazi anadai kiasi gani, na anaitikia mahitaji ya mtoto kiasi gani. Mgawanyo huo ni mzuri kwa mtihani. Mzazi aliyekaa mbele yangu, hata hivyo, hasaidiki kwa kuambiwa awe wa aina ya tatu. Anachohitaji ni kujua, katika hayo anayoyafanya na kuyasema kila siku, ni lipi hasa linalomuumiza mwanawe.

Hapo ndipo ninapoegemea kazi ya miaka ya 1990 ya mtafiti wa malezi Brian Barber, aliyetenganisha udhibiti wa mwenendo na udhibiti wa nafsi. Udhibiti wa mwenendo ni kanuni na ufuatiliaji: saa ya kurudi, kazi za nyumbani, kujua kijana yuko wapi na yuko na nani. Ukikosekana, kijana huelekea kwenye utoro, ugomvi na vilevi. Udhibiti wa nafsi ni kumtawala mtoto kwa kumtia hatia, kumwaibisha, kumnyima upendo anapotofautiana na mzazi, na kuyafuta anayoyahisi. Huu huandamana zaidi na huzuni ya muda mrefu, wasiwasi na kujidharau. Ubaya wake ni kwamba vijana wanaolelewa hivyo mara nyingi ndio wale wanaosifiwa shuleni kwa utulivu, kwa hiyo tatizo lao hugunduliwa limeshakomaa.

Kwetu udhibiti wa nafsi una maneno yake, na zito kuliko yote ni radhi. Siibezi radhi ya wazazi. Nimelelewa kuiheshimu, na Waislamu kwa Wakristo wa hapa petu wanajua uzito wake. Lakini ipo tofauti kubwa kati ya radhi inayotamaniwa na radhi inayotolewa kama tishio kila mtoto anapochagua rafiki, mavazi au somo ambalo mzazi hakulitaka. Kijana anayeambiwa "ukifanya hivyo sina radhi nawe" hajapewa sababu ya kuacha jambo hilo. Amepewa hofu ambayo hawezi kuijadili na mtu yeyote, kwa sababu kuijadili tu kunaonekana ni utovu wa adabu. Baada ya radhi hufuata "kwa uchungu niliokuzaa nao, haya ndiyo malipo yangu?", halafu ulinganisho na mtoto wa jirani, halafu kununa: mzazi anayepakua chakula na kukiweka mezani siku kadhaa bila kusema neno, mpaka mtoto apige magoti kuomba msamaha wa kosa ambalo pengine hata halijui.

Katika mazingira hayo kijana hujifunza stadi moja kwa ukamilifu, nayo ni kuusoma uso wa mzazi. Akili ambayo katika umri huo ingekuwa inajiuliza "mimi nataka nini, naamini nini" inatumika yote kukisia mama ameamkaje leo. Binti mmoja wa miaka 16 nilimuuliza anapenda chakula gani, swali jepesi tu la kuvunja ukimya. Alimgeukia mama yake akasema, "Mama, eti napenda nini?" Mama akajibu papo hapo, "Ndizi nyama," tena kwa fahari, kwa kuwa kwake hilo lilikuwa ushahidi wa jinsi anavyomjua mwanawe. Walikuwa wamekuja kwa sababu binti halali usiku.

Wazazi wakisikia natetea uhuru wa kijana huingiwa na hofu kwamba nataka mtoto ahame akapange chumba chake, arudi atakapo na asiulizwe. Sivyo. Edward Deci na Richard Ryan, ambao nadharia yao kuhusu motisha imefanyiwa utafiti katika nchi nyingi, wanasisitiza kwamba kujiamulia si kujitenga; mtu anaweza kuwategemea wazazi wake kwa kila kitu na bado akatenda kwa ridhaa yake, na mwingine akaishi peke yake huku kila anachofanya ni kwa kusukumwa. Çiğdem Kağıtçıbaşı, mwanasaikolojia wa Uturuki, alilitetea jambo hilo hilo kwa jamii zinazothamini undugu, akionyesha kwamba mtu anaweza kuwa na kauli yake na wakati huo huo akawa karibu sana na familia yake. Nao Bart Soenens na Maarten Vansteenkiste wa Ghent, Ubelgiji, waliona kwamba kinachoendana na afya ya hisia ya kijana si kusukumwa ajitegemee mapema, bali kusaidiwa atende kwa kukubaliana na anachokitenda. Kwangu hii ni habari njema kwa familia zetu, kwa kuwa haimdai mtu auvunje undugu ndipo awe mtu mzima.

Chukua suala la tahasusi, yaani mchanganyiko wa masomo ya Kidato cha Tano, linaloleta ugomvi katika nyumba nyingi matokeo ya Kidato cha Nne yanapotoka. Kijana amefaulu vizuri, anataka HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza). Baba anataka PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia) kwa sababu anataka daktari. Baba wa amri tupu anajaza fomu mwenyewe. Baba anayeendekeza anasema "utajua mwenyewe" na kurudi kwenye simu yake, jambo ambalo kijana hulipokea kama kutupwa. Baba ninayemfundisha katika mazungumzo yetu husema hivi: "Naona umekasirika kwamba nimetaja PCB tena. Nina sababu: naogopa ajira, na ada ya chuo nitailipa mimi. Nieleze HGL inakupeleka wapi, kisha twende kwa mjomba wako aliye mwalimu tumsikilize." Ndani ya maneno hayo baba hakuachia mamlaka yake. Ameitambua hasira, ametoa sababu ya kweli badala ya "kwa sababu nimesema", na ameacha nafasi ya hoja. Hata kama mwisho baba atakataa, kijana aliyesikilizwa hupokea kukataliwa huko kwa namna tofauti na yule aliyekuta fomu imeshajazwa.

Kanuni zenyewe hazina uzito sawa. Judith Smetana wa Chuo Kikuu cha Rochester ameonyesha kwamba vijana wenyewe huyagawa mambo: ya haki na dhuluma, ya desturi, ya usalama, na ya binafsi. Katika ya haki na ya usalama wengi hukubali kwamba mzazi ana haki ya kuamua. Ugomvi hujaa kwenye yale wanayoyaona ni yao, kama marafiki, nywele, muziki na mavazi. Hapa petu mpaka huo haukai sawa na wa Marekani, maana vazi la binti ni suala la desturi na la dini pia, na sitamwambia mzazi alichukulie kama mchezo. Ninachomwambia ni kwamba akipiga marufuku katika kila eneo, hata yale asiyoyajali sana, atakuwa amepoteza nguvu pale inapohitajika kweli.

Kuhusu fimbo nitasema machache. Utafiti wa kitaifa uliofanyika Tanzania mwaka 2009 ulionyesha kwamba karibu robo tatu ya wasichana na wavulana walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kutimiza miaka 18. Fimbo hukomesha kitendo mbele ya mwenye fimbo, na kijana mwenye akili timamu atajifunza kukifanya mahali pengine.

Aidha, si kila huzuni ya kijana imetokana na malezi. Kijana ambaye kwa wiki mbili au zaidi halali, hali chakula, ameacha mambo aliyoyapenda au anazungumzia kufa, apelekwe hospitali. Mjadala wa nani alikosea katika malezi usubiri.

Jambo ambalo wazazi hulipinga zaidi ni hili la simu. Wengi hukagua ujumbe usiku mtoto akiwa amelala, wakiamini ndiyo njia ya kumjua. Mwaka 2000 Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao wa vijana wa miaka 14 nchini Sweden, wakaonyesha kwamba wazazi wanaojua mengi kuhusu maisha ya watoto wao huyajua hasa kwa kuwa watoto wenyewe wamewasimulia. Upelelezi na kubana vilichangia kidogo kuliko ilivyodhaniwa. Kijana husimulia pale anapojua kwamba kusimulia hakutamgharimu. Zamani mzigo huu uligawanywa: bibi, shangazi, mjomba, na kwa mabinti wa pwani somo (mwanamke anayemfunda binti), walipokea maneno ambayo mama asingeweza kuyasikia bila kupaza sauti. Katika nyumba za kupanga za mjini mzazi mmoja anakuwa wote hao, na ndiyo maana namshauri amrudishe angalau mmoja wao kwa makusudi, ampigie simu, amwambie kijana waziwazi kwamba atakayomwambia shangazi hayatafika kwa mzazi isipokuwa yanapogusa usalama. Na siku kijana atakapomwambia mzazi mwenyewe kwamba alinywa pombe kwenye sherehe, atenge adhabu ya pombe na tendo la kusema. Kwanza aulize alirudije nyumbani na kama kuna aliyemdhuru. Suala la sherehe nyingine lizungumzwe kesho yake, baba akiwepo, na kijana apewe nafasi ya kupendekeza masharti kabla hayajatangazwa.