Lori tupu lilipita, lenye korosho likakwama: uzito na vipimo vya breki

"Injinia, breki ni zilezile. Mwezi wa tisa nimepita, leo unaniambia sijapita?"

Aliyeniuliza, siku ya ukaguzi wa magari, ni dereva wa lori la tani kumi aliyeshuka na korosho kutoka Newala kwenda Mtwara. Hakuwa mkorofi. Breki kweli zilikuwa zilezile, ila mwezi wa tisa, kabla ya msimu, lori lilikuja tupu.

Mashine ya kupimia breki haipimi breki peke yake. Magurudumu ya ekseli moja (mhimili unaoshika magurudumu ya kulia na kushoto) hukaa juu ya rola zinazozungushwa na mota, dereva anakanyaga, na mashine inasoma nguvu ambayo breki inatumia kuzizuia rola. Nguvu hiyo hugawanywa kwa uzito, ndipo tunapata asilimia. Viwango vingi duniani hudai karibu nusu ya uzito wa gari kwa breki ya mguu.

Chukua ekseli ya nyuma ya lori kama lile. Tupu ina kilo 4,000 hivi, na breki zake zinazuia kwa nguvu ya kilo 2,600. Hiyo ni asilimia 65, safi kabisa. Pakia magunia mpaka ekseli ifike kilo 10,000, kisha kanyaga breki hiyohiyo. Nguvu ni ileile 2,600, lakini sasa ni asilimia 26.

Kuna jambo jingine linalowachanganya hata mafundi. Lori tupu halina uzito wa kuibana tairi kwenye rola, kwa hiyo gurudumu hufunga na kuteleza mapema, hasa rola zikiwa zimeloa au tairi ikiwa kipara. Likishafunga, mashine haiwezi kusoma zaidi ya hapo. Lori lenye breki za kilo 2,600 na lile lenye breki za kilo 6,000, yote yakija matupu, yanaweza kusoma namba moja. Tofauti yao itajulikana barabarani, na mzigo juu. Ndiyo maana mkaguzi anayesoma namba bila kuangalia kama gurudumu lilifunga, kwa maoni yangu, amefanya nusu ya kazi. Namba hiyo imemweleza habari za tairi na rola; za breki bado hajazijua.

Kinyume chake pia hutokea. Ukigawa nguvu iliyosomwa kwenye lori tupu kwa uzito wa juu ulioandikwa kwenye kibao cha gari, lori lenye breki nzuri tu linaweza kuonekana bovu. Dawa ni kupima likiwa na mzigo. Uingereza huelekeza kila ekseli ipakiwe angalau karibu asilimia 65 ya uzito wa juu iliyoundiwa. Kwetu mzigo haukosekani, na karatasi ya mizani inaonyesha uzito wa kila ekseli. Usiitupe, njoo nayo siku ya ukaguzi. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ukizidisha, unazipa breki kazi ambayo hakuna aliyezipimia.

Na usidhani kupita kwenye rola kunamaliza mambo. Kipimo ni cha muda mfupi, breki zikiwa za baridi. Kushuka Newala kwenda Masasi ni habari nyingine. Lori la tani 30 likishuka mita 100 za kimo kwa mwendo uleule, kazi yote ikiachiwa breki za mguu, linazalisha joto la kuchemsha karibu ndoo tano za maji za lita 20. Joto hilo linaishia kwenye dramu, ngoma ya chuma inayozunguka na gurudumu. Dramu inatanuka, bitana za breki zinazoisugua zinapoteza mkwaruzo, na unalazimika kukanyaga zaidi. Shuka kwa gia ndogo, uichague kabla mteremko haujaanza.

Nirudi kwa dereva wangu. Tuliingia chini ya lori na tochi. Malori mengi ya aina hii yana vali karibu na ekseli ya nyuma, yenye kifimbo kinachopanda na kushuka kadiri springi zinavyolala kwa mzigo. Gari likiwa tupu, vali hupunguza upepo wa breki za nyuma ili magurudumu yasifunge, likipakiwa, inaufungulia. Wanaoongeza majani ya springi ili wabebe zaidi wajue hili: springi ngumu hailali, na vali inaendelea kuamini gari ni tupu.

Yeye springi hakuziongeza. Kifimbo kilikuwa kimekatika, na mtu alikuwa amekifunga kwa waya wa kufungia nondo, mahali palepale pa gari tupu.

"Huyo ni fundi wa mwaka juzi," akasema, akajipapasa mifukoni kutafuta simu.