Leza haikati nakshi ya mizunguko

Wiki iliyopita aliingia karakanani kwangu, Mji wa Kale, Mombasa, mteja anayetengenezewa bunduki ya kulengea shabaha kwa kipimo chake. Alinionyesha kwenye simu picha ya nakshi ya mizunguko, yaani mashina yenye majani yanayojikunja, kisha akasema maneno ambayo nimekwisha kuyasikia mara nyingi mno: "Fundi, mchoro huu hapa. Kwani leza haiwezi kuupiga kwa dakika kumi?" Akatoa na kishikio cha funguo kilichopigwa jina lake kwenye kibanda kimoja mjini, kiwe ushahidi. Nilimjibu kwa adabu, kwa kuwa hakukusudia ubaya, lakini jibu la mdomo halikunitosha.

Imani yenyewe ni hii: kwamba nakshi ni mchoro, na kwamba aliye na mchoro anayo nakshi, kilichobaki ni chombo tu cha kuuhamishia kwenye chuma. Kwa jina kwenye kishikio cha funguo imani hiyo haina madhara. Kwa nakshi ya mizunguko ni kosa tangu mwanzo, na kosa hilo huonekana kwa macho, mradi mtu awe tayari kukaa karibu na dirisha.

Kalamu ya nakshi ni kijiti cha chuma kigumu, au cha kabaidi, ambayo ni ngumu kuliko chuma, kilichonolewa ncha yake ikawa na umbo la V. Mimi huunoa uso wake kwa nyuzi 45, na chini yake hukata visigino viwili vidogo vya nyuzi 15 hadi 20 ili ncha iinuke na iweze kufuata pindo. Wapo wanaopenda pembe nyingine, nami sitagombana nao. Kalamu hiyo inapoingia kwenye chuma haikwaruzi wala haichomi. Inakata, na unyuzi mwembamba wa chuma unainuka mbele yake ukijikunja kama ganda la chungwa linalomenywa bila kukatika. Nyuma yake unabaki mfuo wenye kuta mbili zilizoinamiana, nazo zinang'aa, kwa sababu visigino vya kalamu nilivisugua kwanza mpaka vikawa kama kioo, na chuma kimepokea mng'aro huo huo.

Sasa nikiilaza kalamu ubavu kidogo huku inakwenda, ukuta mmoja unapanuka na mwenzake unasimama wima. Mfuo unaanza mwembamba kama unywele, unanenepa unapopita kwenye mgongo wa jani, kisha unakonda tena mpaka unapotea, na yote hayo ni mkato mmoja ambao haukusimama popote. Ule ukuta mpana ndio unaoshika mwanga. Ukiigeuza bunduki mkononi, mwanga unahama kutoka jani moja hadi jingine, na mzunguko mzima unaonekana kama unatembea, ingawa kina cha mikato yangu mingi hakifiki hata robo ya milimita.

Leza inafanya kazi ya namna nyingine kabisa. Inachoma chuma na kukigeuza mvuke, nukta baada ya nukta, na kinachobaki ni mtaro ambao sakafu yake imeparara. Mwanga ukiingia humo hutawanyika. Mchoro unauona, tena vizuri, lakini unauona vile vile kutoka kila upande, na hapo ndipo nakshi inapokufa. Wateja hunijibu kwamba mashine mpya zinachimba kwa kina zaidi. Kina sicho kinachobishaniwa! Anayetaka kuyaona haya bila kugusa bunduki na apite Ndia Kuu asubuhi, asimame mbele ya mlango wowote wa nakshi wa zamani, kisha arudi alasiri atazame jani lile lile. Jani litakuwa limebadilika sura, kwa sababu mchongaji aliacha kuta zenye mwinamo, na jua limehama.

Jambo la pili, ambalo ndilo linalonimaliza subira, ni mzunguko wenyewe. Shina la mzunguko linapaswa kujikunja kama ukono wa mmung'unye, likizidi kubana kadiri linavyoingia ndani, pasiwe na mahali hata pamoja palipolala bapa. Jicho la mtu asiyejua lolote kuhusu kazi hii hulinasa kosa hilo mara moja. Hawezi kulitaja, lakini atasema kazi ina kasoro. Sasa chukua picha ya kwenye simu, ivute upande mmoja ili ienee kwenye kifuniko cha chini cha kasha la risasi, na kila mviringo uliokuwa mzima umegeuka yai. Kinga ya kifyatulio ni mbaya zaidi, kwa sababu imepinda huku na kule na hakuna picha bapa inayoikalia. Ndiyo maana mimi hupaka chuma rangi nyeupe ya maji, nikachora kwa penseli juu ya chuma chenyewe, nikafuta, nikachora tena, na siku tatu zikapita kabla ya kalamu kugusa chochote. Wakati wa kukata, mkono wa kulia karibu hauendi popote. Ni mkono wa kushoto unaolizungusha jiriwa na kuileta kazi kwenye ncha. Mviringo ukikatwa kwa kusukuma kiwiko hutoka na pembe.

Ugumu wa chuma nitaueleza kwa ufupi. Nakshi hukatwa wakati chuma bado kiko kweupe, yaani kabla ya kutiwa weusi na kabla ya kufanywa kigumu. Mwili wa bunduki uliofukiwa kwenye mkaa wa kuni na wa mifupa, ukachomwa na kutumbukizwa majini, huwa na ngozi ngumu kama kioo, na ncha ya kalamu huvunjika juu yake. Mtu asiniombe niulainishe kwa moto. Sehemu hizo hubeba nguvu ya mlipuko karibu na uso wa mpigaji, na joto lililotiwa ovyo huziharibu pasipo kuacha alama.

Tangu uwindaji upigwe marufuku nchini mwaka 1977, bunduki zinazonifikia ni chache, na hakuna inayolala kwangu: hubaki kwa mfanyabiashara mwenye leseni, nami huenda huko na zana zangu. Riziki yangu hutokana na bangili za fedha, ala za majambia na sahani za shaba. Sanaa yenyewe ya bunduki ina makwao yake: London na mizunguko yake midogo iliyobanana na vishada vya waridi, Ferlach kule Austria na majani na wanyama waliochongwa wakainuka juu ya uwanja, Gardone Val Trompia kule Italia na picha zinazojengwa kwa nukta ndogo mno. Lakini mfuo ni mfuo, uwe wa fedha au wa chuma.

Ninayo mashaka yangu pia, nayo sikuyakuta vitabuni. Wapo mafundi wanaotumia leza kuweka alama hafifu za mchoro, kisha wanakata kila mfuo kwa mkono. Nimejaribu hivyo kwenye shaba bapa, kazi ikatoka safi, na sikupata hoja ya kuipinga. Mwalimu wangu alikata kwa nyundo na tindo. Mimi natumia mpini unaogongwa na upepo wa mashine, na ingawa uelekeo wote unatoka mkononi mwangu, nikiweka kazi yangu kando ya yake naona mifuo yake ina uhai fulani ambao yangu haina. Tena, zamani niliwaahidi wateja kwamba nukta za picha zitadumu. Siahidi tena, kwa kuwa nimeziona zikififia pale kiganja kinaposhika kila siku. Mistari ya kivuli ndani ya jani nayo, mpaka leo, mara nyingi naizidisha mmoja, na najua nimeizidisha baada ya kuukata.

Yule mteja nilimkatia jani moja kwenye kipande cha shaba, lilichukua kama nusu saa, nikaliweka kando ya kishikio chake cha funguo, tukasogea dirishani. Alivigeuza vyote viwili kwa muda mrefu bila kusema neno, halafu akauliza kifuniko kizima kitachukua siku ngapi. Nilimwambia wiki mbili za kukata baada ya zile siku za kuchora, na kwamba mwenye duka asikipeleke kifuniko kutiwa weusi kabla sijamaliza. Akampigia simu pale pale. Kifuniko kilikuwa bado kiko kweupe.