Msimbo wa herufi ya Kishan ၵ

Msimbo wa herufi ni namba ambayo kompyuta huihifadhi mahali pa umbo la herufi hiyo. Anayebonyeza ၵ, konsonanti ya sauti "k" katika hati (mfumo wa maandishi) ya Washan wa mashariki mwa Myanmar, haweki mchoro wowote ndani ya simu yake. Anachokiweka ni U+1075, namba iliyoandikwa kwa hesabu ya kumi na sita (tarakimu 0–9 kisha A–F), ambayo kwa hesabu yetu ya kila siku ni 4213, na kazi ya kuigeuza iwe umbo linaloonekana huachiwa fonti, yaani faili lenye maumbo ya herufi.

Namba hizi hupangwa na Yunikodi, kiwango cha kimataifa kinachoipa kila herufi namba yake. Hati ya Kiburma iliingia humo mwaka 1999, katika toleo la 3.0, lakini "k" ya Washan ilisubiri hadi toleo la 5.1 la mwaka 2008. Mtu aweza kuuliza kwa nini isingetumika tu က ya Kiburma, U+1000, ambayo nayo ni "k". Sababu ni kwamba Yunikodi haigawi namba kwa kufuata sauti wala lugha, bali herufi yenyewe, na hizi mbili si mitindo miwili ya kuandika herufi moja. Kwa upande mwingine, တ ya "t" na မ ya "m" hutumiwa na Waburma na Washan vilevile, kwa hiyo namba zake ni zilezile.

Tulitazame neno ၵိၼ်, "kin", yaani kula. Ndani yake mna namba nne: 1075 ya "k", 102D ya irabu "i" inayokaa juu, 107C ya "n" ya Kishan, na 103A ya alama ndogo inayoifunga "n" isitamkwe na irabu. Katika UTF-8, njia ya kuhifadhi namba za Yunikodi kwa baiti, kila moja huchukua baiti tatu (ၵ ni E1 81 B5), jumla 12.

Mkanganyiko uliletwa na Zawgyi, fonti iliyoenea sana Myanmar, ambayo ilizijaza nafasi za Kishan vipande vya Kiburma. Kwake 1075 ni "d" ndogo inayoandikwa chini ya konsonanti nyingine, hivyo ujumbe wa Kishan ulioingia kwenye simu ya Zawgyi ulisomeka ovyo, ingawa hakuna namba hata moja iliyobadilika njiani. Nchi hiyo ilihamia Yunikodi rasmi tarehe 1 Oktoba 2019, lakini maandishi ya zamani hayageuki yenyewe: hupitishwa kwenye programu ya kubadilisha, nayo hulazimika kwanza kukisia kama 1075 iliyo mbele yake ni "k" ya Mshan au "d" ya Mburma.