Mikoa Isiyo na Hazina: Mgawanyo wa Kisiwa cha Utopia

Wasomaji wengi wa Utopia, kitabu cha Thomas More kilichochapishwa kwa Kilatini mjini Louvain mwaka 1516, huvutiwa na habari za nchi isiyotumia fedha, na kwa sababu hiyo huzipita upesi kurasa ambazo mimi, kwa kuwa kazi yangu ni kuchambua tawala za mikoa, huziona kuwa ndizo uti wa mgongo wa kisiwa kile cha kubuni.

Kisiwa kina miji 54, na kila mji pamoja na mashamba yanayouzunguka ni sawa na mkoa mmoja. Idadi hiyo wachambuzi huilinganisha na kaunti za Uingereza ya wakati ule zikijumlishwa na jiji la London, ambako More mwenyewe alikuwa naibu wa sherifu. Miji iliyo karibu zaidi imeachana kwa maili 24, na kila mmoja umetengewa ardhi isiyopungua maili 12 kila upande, hivyo hesabu ya mipaka inakubaliana bila shamba la kugombaniwa. Wala hakuna mji unaotamani kupanua eneo lake, kwa sababu wakazi hujiona kuwa walimaji wa ardhi ile, si wenye nayo.

Ndani ya mji, ambao hauruhusiwi kuzidi kaya 6,000, kila kaya 30 huchagua kila mwaka kiongozi aitwaye syphogrant, na kila viongozi kumi wa namna hiyo husimamiwa na tranibor mmoja. Hao 200 wa ngazi ya chini ndio wanaomchagua mkuu wa mji kwa kura ya siri, kutoka miongoni mwa watu wanne waliopendekezwa na wananchi wa mitaa minne mikuu. Mkuu hushika madaraka maisha yake yote, isipokuwa akishukiwa kuwa anataka kuwatawala wenzake kimabavu. Kwa maoni yangu, hata hivyo, mwenye uzito ni syphogrant: yeye huhakikisha kwamba hakuna anayekaa bure, na kaya zake hula pamoja katika ukumbi wake, kaya 15 upande huu na 15 upande wa pili.

Kisichokuwapo ni hazina ya mkoa. Kila mwaka wazee watatu kutoka kila mji hukutana Amaurot, mji mkuu, na mji wenye ziada huupa wenye upungufu bila malipo wala deni. Hata watu huhamishwa: mji ukijaa kupita kiasi, waliozidi hupelekwa ulikopungua.

Mfumo huu una ukali wake, na nadhani haufai kufichwa. Nafaka huvuka mpaka bila kikwazo, lakini mtu anayetaka kuzuru mji mwingine anahitaji idhini ya viongozi wake na barua ya mkuu inayotaja siku ya kurudi. Akikamatwa nje ya mkoa wake bila barua huadhibiwa vikali kama mtoro, na akirudia hufanywa mtumwa. Anayetaka kutembelea mashamba ya mji wake mwenyewe hahitaji barua, ila ruhusa ya baba na ridhaa ya mke, na popote atakapofika hapewi chakula mpaka amalize kazi ya asubuhi au ya jioni kama wenyeji wa hapo.