Baada ya operesheni ya kupunguza tumbo: wanayosema watu na yalivyo kweli

Wiki ya tano baada ya operesheni niliruhusiwa kula vitu laini, mama akanichemshia yai. Nikala nusu. Nusu yai, kwa kijiko cha chai, dakika ishirini nzima, kifua kikajaa nikaweka kijiko chini, na mama akaichukua ile sahani akaenda nayo jikoni nikamsikia analia, maana kwake yeye mtoto anayeacha nusu yai ni mgonjwa, haijalishi huyo mtoto siku anaingia chumba cha operesheni alikuwa na kilo 121.

Hiyo ni miaka miwili imepita. Tangu hapo nimeulizwa maswali mengi sana, ya kwenye simu, ya saluni, ya msibani, na nimesikia watu wakiambiana vitu ambavyo havina ukweli na vingine vinaumiza watu kabisa, ndo maana nimekaa niandike.

Kwanza majina, maana watu wanachanganya. Puto sio operesheni. Lile linalowekwa pale hospitali ya Mloganzila, Dar, kwa mfano, linapitishwa mdomoni mpaka tumboni, linajazwa, linakaa miezi kadhaa halafu linatolewa na tumbo lako linabaki lilelile. Slivu ni tumbo lenyewe kukatwa, wanaondoa kama asilimia 75 hadi 80 unabaki na kitu chembamba kama ndizi, kinachobeba mililita 100 mpaka 150 hivi, na kilichokatwa hakirudi. Baipasi wanatengeneza kifuko kidogo juu, cha kama mililita 30, wanakiunganisha na utumbo mdogo mbele zaidi ili chakula kisipite njia yote ya zamani. Mimi nina slivu. Mwenye baipasi ana mambo yake mengine nitayagusa humu humu.

"Umechukua njia ya mkato, ungejinyima tu." Hili naambiwa hata na watu wanaonipenda. Mimi nimejinyima, mara mbili kwenye maisha yangu nimewahi kushusha kilo 18 na zote zikarudi na wenzao. Mwili mnene ukipungua unajitetea, njaa inapanda na matumizi ya nguvu yanashuka, hiyo sio tabia mbaya ya mtu, ni homoni. Ile sehemu ya tumbo inayokatwa kwenye slivu ndo inayotoa kwa wingi homoni ya njaa inayoitwa ghrelini, kwahiyo miezi ya mwanzo njaa inatulia kwa namna ambayo sikuwahi kuijua toka utoto. Lakini kutulia njaa sio mwisho wa kazi jamani. Kuna maji lita moja na nusu kwa siku unayokunywa kwa mafunda madogo madogo kutwa nzima kwasababu huwezi tena kupiga glasi moja kwa mkupuo, kuna protini gramu 60 hadi 80 unazihesabu, na yai moja lina kama 6 tu, hebu piga hesabu na tumbo la ukubwa ule.

Halafu kuna wanaosema utakunywa uji maisha yako yote. Hapana. Ni hatua: siku za mwanzo maji maji matupu, halafu vimiminika vizito, halafu vilivyosagwa, halafu laini, na kwenye wiki ya sita mpaka ya nane wengi wanarudi kwenye chakula cha kawaida, kidogo kidogo, kwa ratiba ya daktari wako sio ya kwangu. Kinachobadilika ni mpangilio wa sahani. Protini inatangulia, samaki, kuku, dagaa, maharage, mtindi, mboga zinafuata, na wanga unakula kama nafasi imebaki, na mara nyingi haibaki. Ugali mgumu, mkate mlaini na nyama ya ng'ombe iliyokauka ndo vilinitesa, vinakaa kifuani kama donge, mate yanajaa mdomoni, unatoka mezani. Kila tonge litafune mpaka liwe kama uji. Na huwezi kula huku unashushia na maji au juisi kama tulivyozoea, unakula kwanza, unasubiri kama nusu saa, ndo unakunywa.

Uji wenyewe wanaousema, ule wa sukari ya kutosha, kwa mtu wa baipasi unaweza kuwa balaa. Sukari ikishuka kwa kasi kwenye utumbo unapata kitu kinachoitwa dampingi: ndani ya nusu saa moyo unakimbia, jasho, tumbo linakata, kuhara, unatafuta pa kulala. Kuna nyingine inakuja saa moja mpaka tatu baadaye, sukari ya damu inaporomoka, unatetemeka. Hata wa slivu inatupata ila kwa wengi ni mara chache zaidi. Soda na juisi ya miwa ni hivyo hivyo.

Sasa hili naomba lisomwe taratibu. Watu wanaambiana kutapika ni kawaida, vumilia, ndo unapungua. Kutapika mara moja kwa kuwa umekula haraka, sawa. Kutapika kila siku sio kawaida hata kidogo. Mwili hauna akiba kubwa ya vitamini B1, thiamini, na mtu anayetapika mfululizo anaweza kuishiwa ndani ya wiki chache tu, miguu inakuwa dhaifu, ganzi, anaona vitu viwiliviwili, anayumba, anachanganyikiwa, na ikichelewa madhara mengine hayarudi nyuma. Na sisi mtu akitapika tunamkimbiza zahanati iliyo karibu atundikiwe dripu. Mpeleke, ila mwambie wa zahanati kabla hajafungua chochote kwamba huyu alifanyiwa operesheni ya kupunguza tumbo, apewe thiamini kwanza kabla ya dripu ya glukosi, kwasababu glukosi ikitangulia kwa mtu aliyeishiwa B1 inaweza kumzidishia. Mimi nimeiandika kwenye karatasi iko nyuma ya simu yangu, ndani ya kava.

Vitamini pia. "Hizo ni za mwaka wa kwanza, mwili ukizoea unaacha." Ni za maisha, na hapa hamna mjadala. Tumbo ndo linalosaidia B12 iweze kufyonzwa, na ini lina akiba yake ya miaka, kwahiyo ukiacha leo hutaona kitu, utaona mwaka wa pili au wa tatu ukianza ganzi za vidole na kusahausahau. Sisi wanawake madini ya chuma yanatutoka kila mwezi, juu ya hapo baada ya operesheni chuma hakifyonzwi kama zamani. Chuma na kalsiamu havimezwi pamoja, achanisha masaa mawili, na chuma usishushie na chai maana chai inakizuia, mimi nilikuwa nameza na chai ya rangi kila asubuhi miezi minne mpaka vipimo vya damu vikaonyesha naenda chini ndo nesi akaniuliza unameza na nini. Vipimo ni mwezi wa tatu, wa sita, wa kumi na mbili, halafu kila mwaka.

Nywele. Mwezi wa nne nilikuwa nikifagia chumba nabeba ufagio umejaa nywele zangu, msusi akaniambia dada hii operesheni imekuharibu. Haijaniharibu. Mwili ukipata mshtuko mkubwa, operesheni, kupungua kwa kasi, nywele nyingi zinaingia mapumzikoni kwa pamoja halafu zinadondoka pamoja miezi mitatu minne baadaye, na kwa kawaida zinaota tena. Zangu zimeota. Zikiendelea kutoka zaidi ya hapo ndo ukapime chuma, protini, zinki. Rasta za kubana sana ziache kwanza upe kichwa nafuu.

Dawa za maumivu: diklofenaki na ibuprofeni, zile tunazouziwa duka la dawa bila hata kuulizwa jina, kwa mtu wa baipasi zinaweza kumtoboa vidonda pale palipoungwa, na hata wa slivu wengi tunaambiwa tuziepuke. Panadol inatosha mambo mengi. Sindano ya diklofenaki nayo ni diklofenaki ileile, usidanganywe kwamba haipiti tumboni. Sigara na shisha zinaleta vidonda hivyo hivyo.

Kwa wenye kisukari, ni kweli sukari inaweza kushuka ndani ya siku chache, hata kabla kilo hazijatoka, hasa kwenye baipasi. Kutokana na hilo watu wanatupa dawa wenyewe, au kinyume chake wanaendelea na dozi ileile ya insulini au glibenklamidi huku wanakula vijiko vitatu, wanaanguka. Dozi inapunguzwa na daktari, kwa kupima. Presha vilevile. Na kisukari kinaweza kurudi baada ya miaka, kwahiyo kuendelea kupima ni lazima.

Kuna jambo wanawake tunaambiana kwa kunong'ona: wewe ulikuwa hushiki mimba miaka yote, kinga ya nini. Kupungua uzito kunarudisha mzunguko wa hedhi na yai, hasa kwa waliokuwa na shida ya homoni, na mimba inaweza kuingia mapema kuliko unavyodhani, wakati wataalamu wanataka usubiri miezi 12 mpaka 18 ili mtoto asikute mwili ambao bado unapungua na hauna akiba. Vidonge vya uzazi wa mpango kwa mtu wa baipasi haviaminiki sana kwasababu ya ufyonzaji, ongea na kliniki kuhusu kijiti au kitanzi.

Ngozi sasa. Hapa nitakaa kidogo kwasababu hakuna aliyeniandaa. Watu wanadhani ukipungua unarudi mwili wa miaka ishirini, na ngozi ikining'inia ni kwa kuwa hukufanya mazoezi. Mazoezi yanajenga msuli chini ya ngozi, na uyafanye maana bila hayo unapoteza msuli pamoja na mafuta, lakini ngozi iliyotanuka miaka kumi na tano haivutiki ikarudi. Mikono yangu ikinyanyuka ngozi inabaki nyuma. Tumbo lina mkunjo, na kwa joto la Dar mkunjo ule unalowa jasho unachubuka, kila siku naosha, nakausha vizuri na kitambaa cha pamba, nafunga khanga laini chini ya nguo. Matiti yameshuka. Makalio hayana tena nyama, viti vya plastiki vinauma mfupa. Nasikia baridi Julai hii hii ya Dar. Kuna siku nilipita kwenye kioo cha duka nikampisha mtu apite, kumbe ni mimi. Operesheni ya kuondoa ngozi ipo, inafanyika uzito ukishatulia, kwa wengi baada ya mwaka mmoja na nusu hivi, na kutoitaka pia ni sawa. Ila usimwambie mtu hafanyi mazoezi.

Mzani kusimama wiki ya tatu hakumaanishi imefeli, inatokea kwa wengi sana kisha unaendelea. Na kilo chache kurudi baada ya mwaka wa pili ni kawaida ya mwili, mimi zimerudi nne. Zikianza kuwa kumi na zaidi nenda kliniki mapema, usijifiche kwa aibu. Mawe ya nyongo pia yanakuja kwa kupungua haraka, maumivu ya mbavu ya kulia baada ya kula usiyaite gesi tu. Pombe mimi situmii, ila anayetumia ajue inapanda kichwani haraka na kwa kiasi kidogo, na kuna watu wameingia kwenye ulevi baada ya operesheni wakati kabla hawakuwa walevi.

Ramadhani ya kwanza sikufunga. Daktari alinikataza kwasababu maji yale siwezi kuyafidia usiku, na kuna jirani alisema najitafutia kisingizio, ikaniuma sana. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini. Ya mwaka huu nimefunga, kwa kibali cha daktari, nafuturu kwa tende moja na maji, supu, halafu nasubiri.

Kubwa kuliko yote ni la ngoma, yaani UKIMWI. Hapa kwetu mtu akipungua haraka watu wanajua jibu. Kwenye harusi ya binti wa mjomba nilikuwa nimeshatoa kilo 40, gauni limenipwaya, sinia la pilau likaja nikala vijiko vinne nikaacha. Mama mkubwa akanishika mkono akaniingiza chumbani, akafunga mlango, akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, "Mwanangu, usione haya. Dawa siku hizi zipo, ni kidonge kimoja tu kwa siku, na mimi nitakusindikiza." Machozi yalinitoka, na sio kwa kuudhika. Alinipenda. Lakini alikuwa amekosea mara mbili, kuhusu mimi na kuhusu hao wenye virusi, maana wanaotumia dawa zao vizuri wengi wana miili yao na huwezi kuwajua kwa macho. Unene na wembamba wa mtu haukuonyeshi kipimo chake.

Nikapandisha blauzi nikamwonyesha makovu, matano, kila moja dogo kama ukucha. Akayagusa moja moja kwa kidole. Akauliza ilichukua muda gani, inauma bado, mama yako alijua. Mwisho akauliza, sasa unakula nini. Nikamwambia. Akafungua mlango akamwita kijana aliyekuwa anapakua, akamwambia mletee mwanangu paja la kuku, bila wali, kwenye kisosi.